Majina Yanayoitwa Ziwani

Saa kumi na mbili na robo jioni, sauti ya mwanamke iliita kutoka nyuma ya mawe.

"Luhagaaa!"

Kokushubira aliinua kichwa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe bapa nyuma ya nyumba yao huko Mkuyuni, mahali alipokaa kila siku baada ya kuosha vyombo na kujaza mapipa ya maji. Mbele yake mlima ulishuka kwa majabali yaliyopandana mpaka ukingoni mwa ziwa. Upepo ulikuwa umekatika. Maji yalikuwa na rangi ya bati jipya, na hapakuwa na mtumbwi hata mmoja.

"Naam!" Sauti ya mwanamume ilijibu.

Haikutoka kwenye mawe. Ilitoka majini.

"Chengeee!"

Kimya. Kisha sauti nyingine, nzito kidogo kuliko ile ya kwanza, ikasema kutoka huko huko majini, "Naam!"

Baada ya hapo hakikusikika kitu. Moshi mwembamba ulipanda kutoka nyuma ya jabali kubwa, ukasimama wima hewani. Kokushubira alikusanya karatasi zake na kuingia ndani bila kugeuka nyuma.

Kokushubira, ambaye nyumbani na shuleni waliomzoea walimwita Koku, alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Alitaka kuwa mwandishi wa riwaya. Alikwisha kuanza tatu. Ya kwanza ilihusu binti mfalme katika nchi yenye theluji, ya pili ilihusu mpelelezi wa Ulaya, na ya tatu ilihusu meli ya angani. Hakuna iliyovuka ukurasa wa nane. Kila mara mwanzo ulimtoka kwa kasi, kisha maneno yalikauka ghafla kama bomba la mtaani. Mwalimu Ndalahwa, aliyewafundisha Kiswahili, alisoma zote tatu kwa uvumilivu na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Theluji umeiona wapi?"

Sasa kulikuwa na shindano la uandishi la shule za mkoa. Hadithi bora zingechapwa katika kitabu, na majina ya waandishi yangewekwa ndani. Darasa la sita walipewa kipengele cha Kisa cha Kweli cha Mtaa Wangu. Sharti lilikuwa moja, na Mwalimu Ndalahwa alilisoma mara mbili: kila jambo liwe limeonekana au limethibitishwa na mwandishi mwenyewe.

Kwa wiki nzima Koku alikuwa amekaa juu ya jiwe lake bila kuandika mstari mmoja. Mtaa wao aliuona hauna kisa. Ulikuwa na mawe, mbuzi, bajaji zilizoharibika na mama aliyeuza vitumbua. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, mtaa ulimpa kitu.

Kesho yake wakati wa mapumziko alimweleza rafiki yake Winnie. Winnie aliacha kutafuna.

"Umesema Luhaga na Chenge? Una uhakika?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"We Koku! Hao si watoto wa Bibi Paskazia, yule mkausha mapanki? Walizama zamani, hata sisi hatujazaliwa. Mama huwa anasimulia."

"Acha utani."

"Utani gani? Nenda makaburini ukasome misalaba."

Koku alikwenda. Baada ya masomo alipita makaburi ya kanisa, akatembea kati ya nyasi mpaka akaiona misalaba miwili ya saruji iliyosimama bega kwa bega. Mmoja uliandikwa Luhaga, mwingine Chenge. Tarehe ya kufariki ilikuwa moja, mwaka 2004. Jua lilikuwa bado kali alipokuwa akinakili majina yale.

Jioni hiyo alishuka mpaka karibu na jabali kubwa. Bibi Paskazia aliishi hapo peke yake, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea mwamba. Alinunua mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa, akayakausha kwa moshi na kuyauza. Koku alijibanza nyuma ya jiwe. Moshi ulikuwa mzito, wenye harufu ya mafuta ya samaki. Ndani yake alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, aliyefunga kanga kifuani, uso wake ukielekea ziwani.

"Luhagaaa!"

"Naam!"

"Chengeee!"

"Naam!"

Kijiwe kiliteleza chini ya mguu wa Koku. Bibi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, mekundu kabisa, na hayakumtazama Koku. Yalitazama pembeni yake kidogo, kana kwamba palikuwa na mtu mwingine amesimama hapo.

"Nani huyo?" bibi aliuliza. "Sema jina lako."

Koku hakusema jina lake. Alipanda mlima mbio, akaacha kandambili moja kwenye mawe.

Usiku huo hakukwama hata mara moja. Aliandika juu ya sauti, moshi, misalaba na macho. Alipofika mwisho alihitaji sentensi ya kufungia, naye akaandika: "Hivyo ndivyo Bibi Paskazia anavyowaita wafu wake kila jioni, na wafu humjibu." Alisoma sentensi ile mara kadhaa. Hakuiona kama jambo alilolikisia. Kwa jinsi ilivyokaa vizuri pale, aliiona kama jambo lililotokea.

Ijumaa aliisoma mbele ya darasa. Hata Pius, ambaye kazi yake ilikuwa kuchekesha nyuma ya darasa, alikaa kimya. Alipomaliza, msichana mmoja aliomba dirisha la upande wa ziwa lifungwe.

Mwalimu Ndalahwa hakupiga makofi. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Umeandika vizuri kuliko siku zote," alisema. "Makaburi uliyaona?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sauti ulizisikia?"

"Ndiyo, mwalimu. Mara mbili."

"Na yeye mwenyewe umezungumza naye? Alikwambia kwamba anaita wafu?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema hapana. Koku aliwatazama wenzake waliomkodolea macho, akakumbuka kitabu chenye jina lake ndani.

"Ndiyo, mwalimu. Nimezungumza naye."

"Vema. Nitaituma Ijumaa ijayo, siku ya mwisho. Mpaka hapo unaweza kuisafisha."

Winnie aliomba karatasi zile akamwonyeshe mama yake. Mama yake alizipiga picha kwa simu, akazituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kufikia Jumapili hadithi ya Koku ilikuwa imesomwa na watu wengi kuliko ambao angeweza kuwahesabu, na sasa haikuitwa tena hadithi. Watu walisema, "Hata wanafunzi wamethibitisha, mwalimu wao amekubali."

Jumatatu wateja wa Bibi Paskazia hawakufika. Jumanne mapanki yake yalikaa kwenye meza mpaka nzi wakayafunika. Jumatano asubuhi, Koku akielekea shule, aliona mawe juu ya bati la nyumba ile. Hayakuwa yamedondoka kutoka mlimani. Yalikuwa madogo, ya kutosha kiganja. Mlango ulikuwa umechorwa alama ya msalaba kwa mkaa, nao ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Kandambili yake ilikuwa imewekwa vizuri juu ya jiwe, karibu na njia, ikimsubiri mwenyewe. Koku hakuichukua.

Jioni alitumwa chumvi gengeni. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi.

"Macho yale unayaonaje wewe? Ya mtu wa kawaida?"

"Mimi nilishasema tangu zamani. Watoto wawili kufa siku moja, hivi hivi tu?"

"Sasa nyie mnangoja nini?"

Koku hakungoja kusikia jibu. Alirudi nyumbani bila chumvi.

Mama yake alikuwa nesi wa zahanati, mtu asiyependa maneno mengi. Alisikiliza, akaweka mwiko chini.

"Koku, unajua kwamba katika mikoa hii yetu kuna vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu?"

"Waliuawa na nani?"

"Na majirani zao. Wanawake waliopika kwa kuni na samadi miaka hamsini, macho yakaharibiwa na moshi, watu wakasema ni wachawi. Hiyo hadithi inayozunguka kwenye simu, aliyeiandika ni nani?"

Koku aligeukia dirisha. Nje, upepo ulikuwa umekatika. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili na robo. Alisubiri sauti ya bibi. Saa ilifika, ikapita. Jioni hiyo hakuna jina lililoitwa.

Alhamisi, kabla ya kengele ya kwanza, Koku alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mwalimu, nilidanganya. Sikuzungumza na Bibi Paskazia. Aliniuliza jina langu, nikakimbia."

Mwalimu Ndalahwa alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. Kisha alichukua simu. Alimpigia mwenyekiti wa mtaa, halafu askari wa kata, na kwa wote wawili alitumia maneno machache. Alipokata alisema, "Hadithi yako sitaituma. Jioni tutakwenda wote. Utakayoyakuta huko uyaseme kama yalivyo."

Walishuka saa kumi na mbili. Mama yake Koku alikuwa pamoja nao. Mwenyekiti na askari walitangulia, wakakaa njia panda. Mwalimu alibisha hodi na kutaja jina lake. Komeo liliondolewa, na Bibi Paskazia akatokea. Alishika ukingo wa mlango kwa vidole, akapapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kutoka.

"Shikamoo, bibi," Koku alisema.

"Marahaba. Ndiye mwenye kandambili?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Hukusema jina lako siku ile."

Kabla Koku hajajibu, bibi aliinua kichwa kama anayenusa hewa. "Subiri," alisema. "Jana sikuita, niliogopa kutoka. Leo lazima niite. Sijala tangu jana."

Aligeukia ziwani. Mwalimu alikuwa kando ya Koku, mama yake nyuma yake, na bado miguu yake ilitaka kukimbia.

"Luhagaaa!"

"Naam!" Majini, hapo hapo karibu.

"Chengeee!"

Hakuna jibu.

Bibi alisubiri. Mkono wake ulishika kanga kifuani. "Chengeee!"

Maji yalipiga mawe mara moja, yakatulia. Kivuli kilikuwa kinaanza kujaa kwenye nyufa za majabali. Mama yake Koku alipiga hatua mbele. Ndipo sauti ilipotoka nyuma yao, kivulini, karibu kiasi kwamba Koku alisikia pumzi yake.

"Naam, Bibi. Niko huku."

Koku alipiga kelele. Kijana mrefu, mwenye suruali iliyokunjwa mpaka magotini, alikuwa amesimama kwenye njia na kasia mkononi.

"Nimekaa huku juu tangu saa kumi," alisema. "Juzi usiku wamepiga mawe. Leo nikasema akija mtu tuonane." Aliwatazama wageni mmoja mmoja, macho yake yakaishia kwa Koku na sare yake ya shule. "Ni huyu aliyetuzika?"

"Chenge, adabu," bibi alisema. Lakini mwili wake wote ulikuwa umelegea kwa nafuu, akakaa juu ya kinu.

"Si nauliza tu, Bibi. Nimesoma kwenye simu kwamba mimi ni marehemu. Mchana nimekula ugali bakuli zima."

Mwalimu Ndalahwa alikohoa kuficha kicheko. Koku hakucheka.

"Panda hapo," Chenge alimwambia, akionyesha jabali kubwa kwa kasia. "Utazame upande wa pili."

Koku alipanda kwa mikono na magoti. Juu kabisa alisimama, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho jabali lilikuwa limemficha. Ndani ya kighuba kidogo yalielea maboya ya bluu yaliyofungwa kwa duara, na ndani ya kila duara kulikuwa na wavu ulioshuka majini. Vilikuwa vizimba vya kufugia sato. Katikati palikuwa na jukwaa la mbao lenye kibanda cha turubai, na mbele ya kibanda kijana mwingine alikuwa anarusha chakula cha samaki. Maji yalichemka pale chakula kilipoanguka. Kijana aliinua mkono, akampungia.

Koku alishuka taratibu.

"Ni wajukuu zangu," Bibi Paskazia alisema. "Watoto wa binti yangu, wa Ukerewe. Walikuja Machi kulinda vizimba. Wanaishi huko majini, wanakuja kula kwangu kwa mtumbwi, wanarudi. Huku juu hawana shughuli, ndiyo maana hamwajui."

"Lakini majina," Koku alisema. "Niliyasoma kwenye misalaba."

"Wewe unaitwa nani?"

"Kokushubira."

"Ulirithi kwa nani?"

"Kwa bibi yangu, mama yake baba. Alizikwa Bukoba kabla sijazaliwa."

"Basi mama yako akikuita uje kula, anamwita nani? Wewe au aliyezikwa Bukoba?"

Koku alimtazama mama yake. Mama hakumsaidia.

"Mimi," Koku alisema kwa sauti ndogo.

"Wanangu walizama, mtumbwi ulipinduliwa na upepo wa jioni. Binti yangu alipojaliwa wavulana, akawapa majina ya kaka zake. Kwetu ndivyo, na kwenu ndivyo. Macho yangu yameliwa na moshi, siwezi kuona kama wako jukwaani au wameingia majini. Kwa hiyo naita. Kila mmoja akiitika, nakula. Asipoitika, sili." Alinyoosha mkono, akaugusa uso wa Koku polepole, kuanzia paji mpaka kidevu. "Ungeniuliza siku ile, ningekwambia hayo yote, na panki la kuchoma ningekupa."

Koku alianza kulia. "Nisamehe, bibi. Niliandika jambo nisilolijua."

"Nimekusamehe. Lakini mawe hayakupigwa na wewe peke yako. Nao waambiwe."

Jumamosi asubuhi mwenyekiti aliitisha mkutano mbele ya jengo la ofisi ya mtaa. Koku alisimama mbele ya watu wazima. Hakuwa na karatasi. Alisema alichosikia, alichoona, na mahali alipoacha kuona na kuanza kukisia. Alisema alimdanganya mwalimu wake. Kisha Luhaga na Chenge wakasimama kila mmoja upande wake, na askari wa kata akawataka waonyeshe vitambulisho vyao vya taifa.

"Wafu nao siku hizi wana NIDA?" mtu mmoja alisema nyuma. Watu walicheka, isipokuwa wale wanaume wanne wa gengeni, ambao walikuwa wanatazama viatu vyao. Askari aliwatazama wao hasa alipoeleza sheria inavyosema kuhusu kumtuhumu mtu uchawi na kumpiga mawe. Mama yake Winnie alifuta picha zile mbele ya watu, akaandika maelezo mapya kwenye kundi.

Baada ya mkutano Mwalimu Ndalahwa alikaa na Koku kwenye ngazi za ofisi.

"Shindano limefungwa jana," alisema. "Mwaka huu jina lako halimo."

"Najua, mwalimu. Labda mimi siyo mwandishi."

"Sikusema hivyo. Kubuni siyo kosa, Koku. Ukitaka kubuni, buni, na juu ya ukurasa uandike kwamba umebuni. Lakini ukimtaja mtu kwa jina lake na mlango wake, ukasema umethibitisha, basi uwe umebisha hodi. Uliona mambo manne ya kweli. La tano ulilitunga kwa sababu ulihitaji mwisho mzuri, halafu ukalifunika kwa uongo. Hilo moja nusura lituletee msiba. Mwandishi anaaminiwa na watu ambao hatawaona kamwe, kwa hiyo ukweli wake lazima uanze pale ambapo hakuna anayemkagua."

Koku aliitikia kwa kichwa. "Naweza kuiandika upya? Siyo kwa shindano."

"Mwombe mwenyewe ruhusa kwanza."

Jioni hiyo alishuka kwa Bibi Paskazia. Chenge alikuwa anafuta mkaa mlangoni kwa tambara, na wateja wawili walikuwa wanachagua mapanki. Bibi alitoa ruhusa, kwa sharti kwamba asomewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Koku alipewa panki la kuchoma, akavaa kandambili yake, akapanda na kukaa juu ya jiwe lake bapa. Alianza na sauti aliyoisikia. Hakuandika mwisho.

Upepo ulikatika. Maji yakawa na rangi ya bati. Kutoka nyuma ya mawe sauti ikaita.

"Luhagaaa!"

"Naam!"

"Chengeee!"

"Naam!"

Kisha sauti ikaita tena.

"Kokushubiraaa!"

Jina lilipita juu ya majabali, likagonga mlima, likarudi likiwa limepungua. Koku aliweka kalamu chini na kusimama.

"Abee, Bibi!"